Ndege Mweusi na Muhuri wa Umoja

Mkipita soko la Lushoto mkasikia mtu ananipigia kelele kutoka kwenye mafungu ya viazi, "Dada Mwanaidi, mko wangapi sasa?", na mimi najifanya kiziwi, basi aibu yenyewe ndiyo hii, na leo naisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kuisikia kwa wengine, ambao kila wakiisimulia wanaongeza chumvi (kuna anayesema nililia, sikulia, ulikuwa moshi wa mahindi ya kuchoma).

Ilikuwa miaka ile soko huria limetuingia vizuri, ushirika wa zamani umeshakufa, kila mtu anauza anakotaka, na sisi wakulima wa mboga tukaanzisha umoja wetu wa kupeleka karoti na kabichi Dar es Salaam. Wafadhili wakatupa kompyuta. Mimi nilikuwa mpima karoti, lakini kwa kuwa nilijua kupiga chapa nikafanywa karani wa kompyuta, nikapewa kiti chenye magurudumu, na msinione hivi, kile kiti kilinivimbisha kichwa, nilikuwa nakwenda nacho mpaka dirishani kujibu salamu.

Haukupita muda kompyuta ikapata virusi, ikazimika, ikagoma kabisa kuwaka. Kabla hatujaishusha Tanga kwa fundi, kijana mmoja Mjerumani aliyekuja kujitolea kwenye mambo ya misitu akaniachia sidii ya Linux. Kwa asiyeijua, huo ni mfumo wa kompyuta, ile programu kubwa inayoiamsha mashine na kuiambia cha kufanya, ila huu ni wa bure, umetengenezwa na watu wa nchi mbalimbali ambao wengine hawajawahi hata kuonana. Nikahangaika nao siku kadhaa, kompyuta ikafufuka, nikajiona daktari bingwa.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mbelwa, hakufurahi. Kitu cha bure kilimnyima usingizi, na fundi wa Tanga alikuwa ameshamtia maneno kwamba mfumo ule hautumiwi na mtu, ukiharibika tutamlilia nani.

"Mwanaidi," akaniambia, "mlima wote huu, yupo mwingine mwenye kitu hiki?"

"Wapo wengi tu, mzee." (Sikumjua hata mmoja.)

"Haya. Kwenye mkutano mkuu niletee mmoja. Mmoja tu. Ukimkosa, kompyuta inashuka kwa fundi, na wewe unarudi kwenye mizani ya karoti."

Nikatoka pale nikarudi kwenye kiti changu. Halafu nikakumbuka Mjerumani aliniambia kuwa kwenye intaneti kuna mahali watumiaji wa mfumo huo wanajiandikisha kwa hiari yao, halazimishwi mtu, ili tu dunia ijue wako wangapi. Nikasema kumbe dawa ndiyo hiyo, na mimi nitawahesabu wa kwetu. Nikaandika tangazo: watumiaji wote wa mfumo huria wa Linux, Milima ya Usambara, mnaombwa kujiandikisha kwa hiari, ofisi ya Umoja, siku ya soko. Pembeni nikamchora yule ndege wa Linux, pengwini, mweusi mwenye tumbo jeupe, na kwa kuwa kuchora si fani yangu akatoka kama bata aliyevaa koti.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini nikaitazama ile karatasi nikaona imepwaya, nikajiambia tangazo lisilo na muhuri nani atalisoma? Nikafungua droo ya Mzee Mbelwa, nikachukua muhuri wa Umoja, nikagonga nakala zote, mbili mbili kwa usalama, nikawapa makondakta wakabandike Mlalo, Mombo na kila kituo cha katikati.

Sasa nyie mnajua, mimi ndiye niliyesahau, kwamba huku kwetu mtu mzima akiona "kwa hiari" chini yake kuna muhuri, hahitaji kuelezwa zaidi. Zahanati tulichangia kwa hiari, madawati tulichangia kwa hiari, na asiyejitolea kwa hiari, mgambo alimfuata akaondoka na sufuria yake.

Siku ya soko nikafika ofisini nikakuta foleni imezunguka jengo. Moyo ukaruka kwa furaha! Nikakaa kwenye kiti changu cha magurudumu, nikafungua daftari, nikamkaribisha wa kwanza, bibi mmoja wa Magamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani.

"Shikamoo, bibi. Na wewe unatumia?"

"Marahaba mwanangu. Niandike sina."

"Huna nini, bibi?"

"Huyo wa kwenye picha. Mimi nina kuku tu, tena wanne wamekufa kwa kideri. Bata sijafuga tangu mume wangu afariki."

Wa pili naye hana. Wa tatu akatoa risiti ya mchango wa zahanati, imekunjwa mpaka imekuwa kama kitambaa, akasema kama ni hiari yeye alishaitoa. Mwingine akaapa kwamba bata aliyeonekana kwake ni wa shemeji, amekuja kutembea tu. Akaja kijana mrefu mwenye koti la kaki, akamtazama yule ndege, akatazama muhuri, akasema haraka haraka, "Yeremia wa Mlalo, fundi redio, mimi situmii chochote," akatoweka. Nikaandika: hatumii. Daftari zima lilikuwa la watu wasiotumia.

Huko nje kelele zikapanda, habari imeshageuka kuwa ni kodi ya mabata, na wenye bata sokoni wanawauza kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo Mzee Mbelwa akaja, ameshika tangazo mkononi, kidole kimekaa juu ya muhuri.

"Mwanaidi, toka nje uwaeleze watu hawa. Sasa hivi."

Nikapanda juu ya tenga la nyanya ili nionekane (tenga la muuzaji, sikumwomba), soko zima likageuka. Nikaeleza. Nikasema si bata, si kodi, ni mfumo wa kompyuta, ni wa bure, wenyewe hawataki kitu, wanataka tu kujua tuko wangapi.

Yule bibi wa Magamba akauliza kwa upole kabisa, "Wakishajua, iwe nini?"

Nikamjibu lile lililonijia kwanza mdomoni.

"Basi tu, bibi. Wajue."

Wallahi soko lilicheka, watu wakashikana mabega, muuza vitunguu akakaa chini. Na mimi badala ya kushuka na kunyamaza zangu, nikapandwa na hasira, nikasema ukweli ambao sikupanga kuusema: "Ni mimi ndiye ninayetaka kujua! Niko peke yangu na kitu hiki, kikiharibika sina wa kumuuliza, kikifanya vizuri sina wa kumwonyesha, na nisipompata mwenzangu hata mmoja kinaondoka!" Mwisho wa maneno sauti ikanikatika (moshi wa mahindi, nimeshasema).

Kicheko kikafa. Bibi akasogea mbele.

"Masikini. Basi niandike natumia."

"Na mimi niandike," akasema mwenye bata wa shemeji. "Niandike!" "Na mimi!" Mara mikono juu, soko zima linatumia Linux, mpaka yule mwenye risiti. Na Mzee Mbelwa amesimama pale ananitazama. Jamani, nilitamani. Kalamu ninayo, majina ninayo, mizani ya karoti naiona kule. Lakini nilimwangalia bibi yule, hana hata umeme, nikaona nitamwandikaje.

"Hongea, bibi," nikamshukuru kwa Kishambaa. "Lakini huna kompyuta. Siwezi."

Na hapo hapo, kabla sijashuka na kaheshima hako kadogo, tenga likapasuka. Mguu ukazama kwenye nyanya mpaka gotini, nikaanguka upande, kanga huku, daftari kule, mbegu za nyanya mpaka masikioni. Mkono mmoja ukanishika ukanivuta. Nikatazama juu, koti la kaki.

"Dada," akaninong'oneza, "nifute pale."

"Pale wapi?"

"Pale ulipoandika situmii. Natumia. Nina kompyuta mbovu niliyoiokota nikaiunga mwenyewe, nina Linux mwaka wa pili sasa. Yule ndege nilimjua kutoka mbali, ndiyo maana nimekuja."

Mzee Mbelwa alikuwa amesikia. "Kijana, mbona ulikana?"

Yeremia akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee. Niliona muhuri."

Mzee Mbelwa aliutazama muhuri wake, akanitazama mimi na nyanya zangu, akaanza kucheka kidogo kidogo mpaka akatoa leso. "Nilisema mmoja," akasema. "Haya, huu ndio mkutano mkuu, na umeisha." Nyanya nililipa mimi.

Kompyuta ilibaki. Niliposhuka Tanga kwenye duka la intaneti nikatuandikisha wote wawili, na tangu siku hiyo ikinigomea kuna mtu wa kumpelekea salamu Mlalo, na yake ikimgomea anapanda gari anakuja. Muhuri sijaugusa tena, na nimeapa kwamba jambo la hiari nitawaomba watu kwa mdomo, mmoja mmoja, nikiwa nimesimama chini kwenye udongo.

Siku ya soko iliyofuata bibi wa Magamba alinijia ofisini na kikapu, ndani yake bata jike, hai, mweusi mwenye tumbo jeupe. Alimnunua kwa bei ya kutupa siku ile ile ya kodi. "Mfuge," akaniambia, "yule wako wa kwenye picha asikae peke yake."

Kwa hiyo wewe wa kwenye viazi, leo nakujibu ili uninyamazie: tuko wawili, na bata.