Kumhamisha Mama Aliye Eda

Wenzangu wa Garsen mliniuliza Mombasa nilifuata nini. Kamati yetu ya maafa ilinituma nikaone kaunti ile inavyojipanga kukabili majanga, maana mvua zinakaribia na mto wetu Tana tunaujua. Hiyo ni sababu ya kamati. Yangu mimi ilikuwa Mama. Baba ametutoka juzi juzi, Mama yuko eda, na nyumba yake iko bondeni. Kila nikimwambia maji yakija tutahamia kambini, hunijibu, "Mimi mjane, sitoki. Mto haukumtoa baba yako, hautanitoa mimi." Ningembeba mgongoni? Nikaondoka na donge rohoni.

Alfajiri nilipanda basi. Malindi tulikunywa chai, na adhuhuri tukavuka daraja la Nyali kuingia kisiwani. Joto lile, jamani! Nilipokewa na Bwana Mwadime, Mtaita mpole wa ofisi ya kaunti inayoshughulikia majanga.

"Mbona uso umekukunjana, dada?" aliniuliza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone, nawe unatuletea huzuni?"

Ofisini alinieleza mpango wao. Simu ya hatari huingia chumba kimoja, na hapo zimamoto, ambulensi na watu wa stima huarifiwa pamoja. Ajali ikiwa ya majini, wenye boti wa Liwatoni huitwa. Kila mtaa una mjumbe anayejua nani mgonjwa na nani hajiwezi. Mji wa Kale ndio uliowatoa jasho, kwa kuwa vichochoro vyake gari la zimamoto haliingii. Basi walikwenda soko la Marikiti wakawafundisha mahamali wenye mikokoteni kubeba pampu na mipira ya maji. Nilicheka kwa furaha. Sisi tuna punda, tutashindwaje?

Asubuhi ya pili tulikwenda Mji wa Kale kutazama mazoezi ya moto. Bi Zuhura, mjumbe wa mtaa, alinilisha mahamri kwa mbaazi hata kuinuka nikashindwa. King'ora kikalia. Mikokoteni ikaja mbio, "Pisha! Pisha!" Wazee, watoto na mafundi seremala wakaelekea uwanjani, wengine wakicheka kama siku ya Idi.

Bwana Mwadime alinionyesha nyumba yenye mlango wa kuchongwa.

"Hapa tuliaibika mazoezi yaliyopita," alisema. "Mna mjane, Bi Salma. Vijana wangu walibisha hodi, wakamsihi atoke. Akawajibu kutoka dirishani, 'Moto wa mazoezi hauvunji eda.'"

Kumbe Mama ana mwenziwe. "Na leo je?"

"Leo muulize mwenyewe. Mimi mwanamume siingii."

Bi Zuhura alinishika mkono tukapitia uani. Ukutani mlikuwa na mlango mdogo wa kutokea uani kwa jirani. Huko, katika chumba cha ndani, tulimkuta Bi Salma ameshavuka kitambo, ameketi kitandani na kikombe cha chai.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo, kaa hapa."

Kuuliza si ujinga. Nikamweleza habari za Mama, na machozi yakanitoka bila ya kuyaita. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mamako dini aijua," alisema. "Mjane akihofia roho yake huondoka, eda akaimalizie huko aliko. Nami nalijua hilo. Lakini wale vijana waliniambia twende uwanjani. Uwanjani ni kwa nani, mwanangu? Nikakae mbele ya waume wa mtaa mzima? Mara hii Zuhura alikuja kuniuliza nataka kwenda kwa nani. Nikamwambia kwa jirani yangu huyu. Basi, mambo yakesha."

Garsen tumepanga kila kitu, mitumbwi, mahema, hata vyoo vya kambi. Mama sijapata kumuuliza neno hilo hata siku moja.

Jioni, nikiaga, Bwana Mwadime aliniambia kuwa sasa kila mjumbe huliuliza swali hilo mapema, katika kila nyumba yenye mjane, mgonjwa au mzazi aliyejifungua. Wanaojibu "uwanjani" wapo, na hao ni wengi. Waliobaki hutafutiwa nyumba wanayoitaka wenyewe. Nilirudi na basi la kesho yake nikiwa mwepesi kuliko nilivyokwenda.

Nyumbani nilimkuta Mama akichagua mchele. Habari ya kambi sikuitaja.

"Mama, maji yakija, ungependa ukae kwa nani?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Kwa Rehema."

Loo! Bi Rehema ni mke wa pili wa marehemu Baba, anakaa kule kwenye mwinuko. Tangu nipate akili, wawili hao hawasemezani ila kwa kututuma sisi watoto.

"Kwa mke mwenzio, Mama?"

"Sasa eda nikakae na nani mwingine? Si mume mmoja tunamlia? Mpigie. Mwambie nitakuja na mchele wangu."

Nilipiga simu, nikamweleza Bi Rehema kama nilivyoambiwa. Nikamsikia akipenga kamasi.

"Chumba chake nilikifagia tangu siku za matanga," alisema. "Nilikuwa nangoja mniulize."