Siku Kisima Chetu Kilipotoa Maji ya Kijani

Mwanangu, siku ile naikumbuka kama ya juzi, siku Bibi Anastazia alipokuja kunisimamia juu ya shimo. Mimi nilikuwa ndani na sururu, jasho linanitiririka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeoa, nina mtoto mmoja, dada yako Kabula, na nyumba yangu ya matofali ya kuchoma hapa kijijini Mamba ndiyo kwanza nimeipaua. Kilichobaki kilikuwa choo.

Bibi Anastazia alikuwa Mpimbwe, mwenyeji, mjane wa mzee aliyechimba kisima tulichokunywa mtaa mzima. Kisima chenyewe kilikuwa bondeni, chini kidogo ya kiwanja changu. Sisi tulikuwa Wasukuma wageni, tumekuja na ng'ombe kutafuta malisho, na wenyeji walitupa sehemu ya kukaa bila maneno mengi.

"Baba Kabula," akaniita, "hilo shimo la nini?"

"La choo, bibi."

"Lihamishe. Huku kwetu chini ni mchanga. Unachomwaga hapa juu kitashuka mpaka kisimani."

Ukweli ni kwamba upande wa pili wa nyumba ulikuwa na changarawe ngumu, na nilikuwa nimechoka. Lakini sikumwambia hivyo. Nilijiambia tu kwamba ananionea kwa ugeni wangu. Nikamjibu kutoka mle shimoni, hata sikutoka nje kwa heshima, "Bibi, kiwanja ni changu. Kisima kiko kule, mimi niko huku."

Hakubishana. Alikaza kanga yake kiunoni akaondoka polepole. Mpaka leo nikikumbuka mgongo wake ukiteremka kile kilima naona aibu.

Jioni ile nilifika kwenye udongo wenye unyevunyevu. Nikafurahi, nikaona nimechimba choo kirefu ambacho hakitajaa hata nizeeke. Sikujua kwamba ule unyevu ulikuwa maji yenyewe ya kisima, nimeyafikia kwa mkono wangu.

Mvua zilipochanganya, mama yako ndiye aliyesikia harufu kwanza. Akaniwekea kata ya maji ya kisima puani, nikamwambia ni matope ya mvua tu. Wiki haikuisha, watoto wa mtaani wakaanza kuhara. Kabula akalala zahanati siku tatu, amewekewa dripu, macho yameingia ndani. Nilikaa pembeni ya kitanda chake nikimwomba Mungu, na shimo lile halikunitoka kichwani. Mungu akanisikia. Watoto wote walipona.

Ndipo akaja bwana afya. Alikagua bonde, akapanda hadi kwangu, akamwaga kwenye choo changu unga fulani wa rangi, akasema tusubiri tuone rangi itatokea wapi. Siku ya nne alituita wote kisimani. Bibi Anastazia mwenyewe ndiye aliyeteka. Ndoo ilipofika juu, maji yalikuwa ya kijani, kijani kama mpunga mchanga.

Hakuna aliyenitazama, na hilo liliniuma kuliko kama wangenitukana.

Bwana afya akasema kisima kifungwe, watu wateke mto Kavuu na wachemshe. Kina mama wakaanza kunung'unika, maana Kavuu ni mbali na una mamba, na kila familia ilikuwa na habari yake ya mto ule. Mimi nikasimama.

"Choo ni changu," nikasema. "Bibi alinionya nikiwa bado nachimba. Nikamjibu vibaya. Naomba mnisamehe, na yeye anisamehe."

Bibi Anastazia akaweka ndoo chini. "Haya, umesema," akajibu. "Sasa kalete ile sururu yako." Kisha akamgeukia bwana afya. "Baba, tukitengeneza, utatufungulia?"

"Mvua za mwakani zikipita na maji yakapimwa yakawa safi, nitafungua," akasema. "Yasipokuwa safi, tutakifukia."

Mwanangu, ule mwaka nilifanya kazi. Kila asubuhi wanaume tulisindikiza kina mama Kavuu, na mimi nilibeba madumu kwa baiskeli, ya kwetu na ya Bibi Anastazia. Nikirudi, kazi. Choo kile tulikitapisha, tukakimwagia chokaa, tukakishindilia udongo wa kichuguu mpaka juu. Kipya nikachimba kwenye ile changarawe niliyoikimbia. Kilikuwa kifupi, nikaacha kuchimba mbali kabla ya kufikia unyevu, tena upande ambao ardhi haiteremki kisimani, hatua nyingi kutoka pale. Viganja vilichubuka. Waliokaa juu ya kisima pamoja nami, nyumba tano, nao wakahamisha vyoo vyao bila kusukumwa.

Kazi ngumu ilikuwa kuwashawishi ndugu zangu wafugaji. Walizoea kunywesha ng'ombe palepale kisimani na kuchanganya dawa ya kupe kandokando. Nilikwenda boma kwa boma. Nikawaambia, "Nyie mnanijua. Mimi nimewanywesha uchafu watoto wa wenzetu, na wangu akiwemo. Msirudie langu." Wakajenga birika la kunyweshea ng'ombe huko chini kabisa, na kisima tukakizungushia uzio. Wapimbwe wakafyatua matofali, tukanyanyua mdomo wa kisima, tukaweka mfuniko na sakafu ya saruji yenye mfereji. Mabomba ya kupulizia dawa mashambani yakapigwa marufuku kuoshwa eneo lile. Tulichota maji yote ya zamani tukamwaga, kisima kikatiwa dawa.

Mvua zikaja, zikapita. Bwana afya akachukua maji kwenye chupa akayapeleka mjini Mpanda kupimwa. Aliporudi tulikuwa tumejaa pale, mpaka wanakwaya wa kigango wametoka mazoezini. Akafungua karatasi, akasoma kwa sauti. "Maji haya ni safi. Kisima kifunguliwe."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijavisikia tena, hata kwenye harusi zenu. Wapimbwe na Wasukuma tulikumbatiana, wengine hata lugha hawaelewani. Bibi Anastazia akateka, akajaza kikombe, na watu wakadhani atakunywa. Akanipa mimi.

"Kunywa, mwanangu," akasema.

Nilikunywa huku nalia, sikujificha. Maji yalikuwa baridi na hayana harufu yoyote.

Wakanichagua kusimamia kamati ya maji, na nimeisimamia mpaka magoti yalipogoma. Watu walitoka hadi Sibwesa kuja kuona tulivyofanya. Kisima kile hakijafungwa tena, na wajukuu wangu wanakunywa hapo leo.

Sasa nasikia umepata kiwanja Nsemulwa, huko Mpanda, na fundi anakwambia uchimbe choo kirefu ili kisijae. Mkatalie. Kabla hajapiga sururu, zunguka kwa majirani uulize visima viko wapi na ardhi imelalia upande gani. Choo kikae chini ya kisima na mbali nacho. Mkikuta unyevu mmeshazidi, rudisheni udongo. Mafuta machafu ya pikipiki na maji ya dawa usimwage uani, maana ardhi haimezi kitu kikaisha, inampelekea jirani. Na ukija kukosea, kama nilivyokosea mimi, usingoje utajwe. Simama useme, halafu shika sururu. Mtu anayetengeneza alichoharibu watu humrudishia heshima yake, mimi ni shahidi.

Mungu akupe nyumba yenye amani, akupe majirani wa kukuambia ukweli na masikio ya kuwasikia. Watoto wako wateke maji safi, na wageni watakaokugongea mlango uwape kikombe bila wasiwasi.