Gobore na Cheti Chake

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo siisahau: siku Ngasa alipokuja kwangu Igogo kuazima gobore. Wakati huo nchi ilikuwa ya Waingereza. Gobore lilikuwa la marehemu baba, na alipofariki nilikwenda bomani, wakaniulizauliza wee, mwisho wakaniandikia cheti. Kijiji kizima bunduki ilikuwa hiyo moja, nami nilitembea nayo kifua mbele.

Ngasa alikuwa rafiki yangu tangu tukichunga ng'ombe pamoja. Alilima mpunga Nyegezi, karibu kabisa na ziwa, na viboko walikuwa wamekwisha kula robo ya shamba. "Nipe siku mbili tu," akaniambia. "Nikiwapigia baruti mara moja, watahama."

Ningemnyimaje? Kwetu jirani akija kuomba jembe, ng'ombe wa kulimia au mtumbwi, humhoji. Tena kitu huazimwa na vyake: ng'ombe na kamba yake, mtumbwi na kasia lake. Basi nikampa Ngasa gobore pamoja na cheti chake. Nilikuwa nimesoma misheni miaka miwili, nikajiona mwanasheria. Nikamsomea pale penye neno gobore, nikamwambia, "Ukikutana na askari, mwonyeshe karatasi hii." Mstari wenye jina langu niliuruka, maana nani asiyejua kuwa gobore ni langu mimi, Masanja?

Nyegezi hakufika. Askari alimsimamisha njiani mchana kweupe, akasoma karatasi, akamuuliza jina. Ngasa hakujua kusoma. Alichojua ni kwamba karatasi ilikuwa yangu, basi akasema yeye ndiye Masanja. Bahati mbaya, askari yule alikuwa ananifahamu. Ngasa alipoona mambo yameharibika, akasema ameiba gobore nyumbani kwangu na mimi sijui lolote. Wakamtia pingu.

Habari aliniletea mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, siku hiyohiyo. Shangazi Minza, dada yake baba aliyenilea, alikuwa kibarazani akibangua karanga, na yote aliyasikia. Mwanangwa alipoondoka nilisema neno ambalo hata leo naona aibu kulirudia. Nilisema, "Nikinyamaza, gobore la baba litarudi."

Shangazi hakuinua macho. "Na Ngasa atarudi lini?"

"Baba yako alikuachia bunduki," akaendelea, "rafiki hakukuachia. Huyo ulimpata mwenyewe. Nenda kamtoe."

Kesho yake nikaenda bomani, nikasema mbele ya Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kwamba gobore nililitoa kwa mkono wangu. Karani aliyefasiri, mzee mmoja wa Kikerewe mwenye miwani, alinitazama kwa huruma. "Kijana, cheti hiki si cha bunduki," akasema. "Ni chako. Serikali ilikuuliza wewe, ikakuamini wewe. Huyu mwenzako, ni nani aliyemuuliza?" Nikajitetea kwamba nilimpa kwa wema. Akasema, "Wema wako tumeusikia, lakini sheria haikuuliza hilo."

Shitaka la wizi likafutwa. Ngasa akapewa kifungo cha wiki tatu kwa kubeba silaha isiyo yake na kudanganya jina, mimi wiki tatu kwa kuitoa. Gobore likachukuliwa, sikuliona tena. Tulifyeka nyasi za boma pamoja, na huko Nyegezi viboko wakamaliza mpunga wote. Mwaka huo watoto wake walikula kwenye ghala langu, na nilistahili.

Siku moja tukifyeka nilimwomba radhi, nikamwambia laiti ningemnyima. Ngasa akacheka. "Uninyime kwa nini? Ungekuja nalo wewe mwenyewe. Nyegezi si mbali."

Alisema kweli, mwanangu. Mwendo wa saa mbili kwa miguu ungeokoa mpunga, gobore na heshima yetu sote wawili. Mimi niliyejidai kujua sheria sikuwaza hilo hata kidogo.

Basi nakuambia wazi, na ulishike. Silaha uliyoandikiwa wewe usimkabidhi mtu mwingine, awe rafiki, shemeji au ndugu wa tumbo moja, hata kwa saa moja, hata kama ni mwema kukushinda. Sheria itawashika wote, aliyetoa na aliyepokea. Sheria za siku hizi mimi sizijui zote, kwa hiyo nenda kituoni ukaulize kabla, usisome nusu ya karatasi ukaridhika kama mimi. Na rafiki akija na shida, usimpe kitu halafu ukabaki nyumbani. Vaa viatu uende naye.

Mungu akupe macho ya kusoma karatasi mpaka mwisho, akupe na rafiki kama Ngasa. Ukishampata, akujalie usije ukamponza.