Mama Chupa na DNA Iliyogoma Kukatwa

Miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vyombo vya maabara, ndiyo maana wote walimwita Mama Chupa. Lakini chupa zikishakauka, alisoma. Alisoma vile vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya dawa, ambavyo watafiti huvitupa bila hata kuvifungua. Palipomshinda, bintiye, mwalimu wa sayansi, alimfafanulia.

Mwaka huo kazi ikakwama. Kimeng'enya cha kukatia DNA, ambacho wenyewe walikiita mkasi, hakikufua dafu. Wiki tatu mfululizo picha za majaribio zilionyesha DNA nzima, haijaguswa. Daktari, mkuu wa maabara, akaagiza mkasi mpya. Wapi!

"Mkasi hauna kosa, Daktari," Mama Chupa alisema, mikono ingali na povu. "DNA ndiyo imewekewa alama."

"Alama gani tena, mama?"

"Si tumeizalisha ndani ya bakteria? Basi wana kimeng'enya chao kinachopita kwenye DNA kikisoma herufi. Kikikuta G, A, T, C, zimefuatana hivyohivyo, kinabandika kitu kidogo juu ya ile A. Methili. Na mkasi wetu unatafuta herufi hizohizo nne! Ukikuta methili, haukati."

Mtafiti mmoja mrefu akaguna. "Leo hadi sinki linatoa mhadhara."

Wakacheka. Ilimchoma, lakini hakurudi nyuma. "Kwenye friji kuna mkasi wa aina nyingine, unakata palipo na methili tu. Ujaribuni. Nikikosea, sifungui mdomo tena."

Daktari akamkabidhi pipeti, kile kibomba cha kudondoshea matone. "Jaribu mwenyewe."

Tone la kwanza alilimwaga mezani, akachota jingine. Saa tisa alasiri picha ikatoka: vipande tele, vimepangana kama ngazi. Chumba kizima kikalipuka kwa vigelegele. Wakaizalisha DNA upya ndani ya bakteria wasio na kile kimeng'enya, na mkasi wa awali ukaikata bila shida.

Ripoti ilipotoka, jina lake lilikuwa la pili, chini tu ya la Daktari. Bintiye aliisoma kwa sauti mara tatu, akashindwa kuimaliza ya nne kwa machozi.

Jumatatu yule mtafiti mrefu alimfuata na daftari.

"Mama, samahani kwa yale maneno. Hebu nieleze tena, polepole."

"Vuta kiti," akamwambia.