Sinema Iliyowagombanisha Mama na Jirani

Juzi nilipita Majengo, pale Mpanda, rafiki yangu, nikasimama pale lilipokuwa banda la video. Siku hizi pana duka la spea za pikipiki. Kijana wa dukani akaniuliza nataka nini, nikamwambia sitaki kitu, naangalia tu. Akanitupia jicho la wasiwasi, akarudi kwenye simu yake. Ningemwelezaje kwamba hapo alipokaa, miaka ya tisini, mama yangu mzazi alipata adui wa maisha kwa sababu ya sinema ya Kihindi?

Banda lenyewe lilikuwa la matofali mabichi, bati juu, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie. Ndani kulikuwa na mabenchi, televisheni juu ya meza ndefu, na deki ambayo ilibidi ipigwe kofi mkanda ukikwama. Nje jenereta ilinguruma, harufu ya petroli ikachanganyika na karanga za kukaanga na jasho letu. Jumamosi ilikuwa ya wanaume na Wachina wao wa mateke. Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani, ilikuwa ya wanawake na watoto, sinema za Kihindi. Wa Jumamosi walituita sisi walizi, watu wa machozi. Sisi tuliwaita wao wahuni. Na hata sisi kwa sisi hatukupatana. Hakuna aliyetoka mle na maoni ya katikati. Ukisema sinema ilikuwa nzuri kiasi, unaulizwa kama ulikuwa umelala.

Aliyetufasiria alikuwa fundi cherehani mmoja, mzee mfupi aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la Mhindi kule Tabora. Alikaa benchi la mbele, akageuka kutuangalia, akatuambia kwa sauti kila kinachosemwa. Sinema tuliyoiona ilikuwa ile aliyoisema yeye.

Sasa nikueleze nyumbani kwetu. Baba aliondoka nikiwa sijaanza shule. Alikwenda Tunduru kutafuta vito. Mwanzoni salamu zilikuja kwa watu wa treni, halafu zikakatika. Mama alikuwa mtu wa Usevya, Mpimbwe, mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, na alitulea kwa vitumbua alivyouza stesheni, treni ikifika. Alfajiri mimi na yeye tulitwanga mchele ulioloweshwa, kisha anakaanga, moshi unatutoa machozi, harufu ya hiliki inajaa ua mzima. Kinu cha kutwangia hakikuwa chetu. Kilikuwa cha jirani.

Jirani huyo alikuwa Msukuma, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Ukoo wao ulishuka kutoka Shinyanga na mifugo, mumewe akawa anakaa porini na ng'ombe, yeye mjini na watoto. Kila asubuhi aliita juu ya ua, "Mwangaluka!" na mama, ambaye hakujua Kisukuma kingine, alimwitikia vivyo hivyo, wakacheka. Yeye alitupa maziwa ya mgando, sisi tukampa vitumbua. Banda la video walikwenda pamoja, benchi moja, kanga moja wamejifunika magoti.

Halafu ikaja sinema ile. Mwanamume anamwacha mkewe kijijini, anakwenda mji wa mbali. Mke anabaki na wakwe, anafua, anachunga mbuzi, anauza bangili zake moja moja. Miaka inapita. Siku mume anaporudi, amenenepa, ana gari, na ndani ya gari kuna mke mwingine na mtoto. Yule mke wa kwanza anatoka nje, anamtazama, anainama kumshika miguu, anampakata yule mtoto. Wote wanaimba. Mwisho.

Tulitoka nje macho yamevimba. Wanawake wakasimama kivulini ubavuni mwa banda, kama kawaida yao, kuijadili. Mama alijifuta pua, akasema, "Yule mwanamke ana moyo jamani."

"Moyo gani?" jirani akadakia. "Yule hana akili! Anamshika miguu mtu aliyemtupa kama ganda la muwa!"

"Ni mume wake."

"Mume! Angekuwa mimi ningemwagia maji ya moto, yeye na gari lake."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. "Aliolewa kanisani... mahali pao pa kusalia," akasema. "Ndoa si nguo, kwamba ukiichoka unavua."

Hapo jirani angenyamaza, yangeisha. Lakini alikuwa amepata watu wa kumsikiliza. Akaweka mikono kiunoni, akasema, "Nyie mnaosubiri waume, miaka nenda miaka rudi, nyie ndio mnaowapa hawa wanaume kiburi."

Mama akamgeukia.

"Nyie nani?" mama akauliza.

"Nyie mnaojijua."

Mama alinishika mkono, tukaondoka. Hakukimbia, alitembea polepole kabisa, na mkono wangu ukauma kwa alivyoubana. Kufika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akakilaza kile kinu kizito, akakibingirisha uani hadi kwenye mpaka wa jirani, akakiacha hapohapo na mchi wake juu.

Kuanzia siku hiyo hakukuwa na mwangaluka. Hakukuwa na maziwa. Mchele tuliupeleka kutwanga kwa watu mbali, giza halijaisha, na mara nyingine tulichelewa treni na vitumbua vikalala. Mama alinikataza kucheza na watoto wa jirani, na jirani akawakataza wake. Kwenye bomba la maji wanawake wakagawanyika. Waliomtetea mke wa kwenye sinema walipanga ndoo upande huu, waliompinga wakapanga upande ule. Siku moja ndoo ilipigwa teke. Siku nyingine mwanamke mmoja alimwambia mwenzake kwamba hata mume wake yeye asingerudi nyumbani kama angekuwa na gari, na wakavutana kanga hadi kwenye matope.

Wanawake wakaamua kumwendea mzee fundi, aseme yule mke alitamka nini hasa pale mwisho. Mama alimwambia kwamba mke alisema, "Karibu nyumbani, nilikusubiri." Kumbe kina jirani walipomfuata kwa siri akawaambia kwamba mke alisema, "Umeniua, lakini nifanyeje." Mama alipolisikia hilo alimfuata mezani kwake, mbele ya wateja, akamtaka aseme ukweli. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa.

"Mama," akasema, "mimi Kihindi nachojua ni cha kuuza vitambaa tu. Mengine yote nilikuwa nawaangalia sura."

Unadhani ugomvi ulipoa? Ulizidi. Kila mmoja sasa akawa huru kusema alichotaka.

Baba alirudi kiangazi kilichofuata, asubuhi ya treni. Nilikuwa uani nachambua maharage. Nikasikia kelele za watu njiani, nikainua kichwa, nikamwona mwanamume mwenye kofia, na nyuma yake mwanamke kijana amebeba mtoto mgongoni. Nyuma yao walikuja watu wa stesheni, watu wa bomba, watu wa Jumapili wote. Sikumjua. Nilijua ni baba kwa sababu mama alisimama, na ungo ukamdondoka mkononi.

"Mke wangu," akasema.

"Karibuni," mama akajibu.

Aliwapa maji ya kunywa. Aliwapa viti. Akasonga ugali, akachemsha dagaa wa Karema kwa nyanya, akawatengea. Yule mwanamke alikula akiangalia chini. Mtoto alipoanza kulia, mama alimpokea, akampakata, akamlisha tonge dogo dogo hadi akanyamaza. Na huko kwenye ua, rafiki yangu, watu walikuwa wamejipanga kabisa kama wako kwenye mabenchi. Nilimsikia mmoja anasema, "Si mnaona? Nilisema mimi!" Mwingine akaanza kuimba kwa pua ule wimbo wa mwisho. Jirani alikuwa mlangoni kwake, mikono amefunga kifuani.

Mimi nilitaka baba abaki. Nilikuwa nimeshaanza kupanga tutalalaje.

Walipomaliza kula, mama alimrudisha mtoto kwa mama yake, akaingia ndani. Akatoka na koti la baba, viatu vyake vya zamani na radio yake, vyote vimefungwa kwenye shuka. Akaviweka miguuni kwake.

"Umekula," akasema. "Mtoto naye amekula. Sasa nenda ukatafute pa kulala."

Baba alicheka kidogo, akatazama watu. "Mke wangu, hapa ni kwangu. Si nimerudi?"

"Umerudi Mpanda," mama akasema. "Kwangu hujarudi."

Baba alibaki ameinama juu ya lile furushi muda mrefu. Yule mwanamke ndiye aliyelibeba mwishowe. Alipopita karibu na mama alimwambia, "Asante kwa chakula, dada," kwa sauti ndogo sana, na mama akamwitikia kwa kichwa.

Ndipo jirani akapiga kigelegele. Kirefu, cha harusini. Akaruka mpaka, akaja kwetu mikono ameitanua, uso unang'aa. "Hapo sasa! Hapo umenielewa, mwenzangu! Siku zote nilikwambia!"

Mama akaokota karai la maji aliyolowekea sufuria ya ugali, akammwagia yote. Uso, kifua, hadi miguu.

"Toka kwangu!" akapiga kelele, na sijawahi kumsikia tena akipiga kelele namna ile. "Nyie mmekuja kuangalia nini hapa? Tokeni wote! Na yule mwanamke wa kwenye sinema alifanya vizuri! Alifanya vizuri! Ila mimi siyo yeye."

Walitawanyika. Jirani alirudi kwake anachuruzika maji, vipande vya ugali kwenye nywele. Nilimchukia kwa kigelegele kile kuliko nilivyowahi kumchukia baba kwa kuondoka. Mama nilimchukia pia, wiki nzima, bila kumwambia. Yeye alivipanga vyombo, akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na jioni rozari haikusaliwa.

Baba alipanga chumba mtaa wa Makanyagio na familia yake mpya, na mvua zilipokaribia wakaenda kulima upande wa ziwani. Mama na jirani hawakusemeshana tena. Miaka. Banda likapata mikanda mipya, wakaendelea kwenda Jumapili zote, kila mmoja benchi lake, na wakitoka kila mmoja anapinga alichosema mwenzake bila kumtaja. Jirani akiisifu sinema, mama anatoka kuiponda. Nadhani walisikilizana zaidi walipokuwa maadui.

Kisha malisho yakapungua na mume wa jirani akaihamisha familia. Walipopakia mizigo kwenye lori, mama alikuwa anafagia ua, mgongo amewapa. Hakugeuka hata lori lilipowaka. Alifagia hapo hapo palipokwisha kufagiwa hadi vumbi la lori likatulia.

Banda lilifungwa baadaye kidogo, watu walipoanza kununua televisheni zao, na kila nyumba ikawa inaangalia yake na mlango umefungwa. Nyumba ya jirani waliingia wapangaji wengine, watu wapole kabisa, wa kuazima chumvi na kuirudisha. Mara moja walimwalika mama kuangalia sinema sebuleni kwao. Alirudi mapema. Nikamuuliza vipi.

"Wamesema ni nzuri," akanijibu, anavua kandambili. "Wote wamesema ni nzuri. Sasa mtu unakaa kufanya nini?"