Yamini ya Mwanapili na sahani kumi za pilau

Saa moja asubuhi, Mwabungo. Mwanapili Shutu, mama wa miaka hamsini na minne, amenyoosha miguu barazani akishona makuti. Jumamosi ana watu kumi wa kulisha.

Makuti yake hutumika kuezekea hoteli za Diani. Mia moja humpa shilingi elfu moja na mia mbili, na kwa siku hushona thelathini mgongo ukimruhusu. Wiki hii mgongo haukuulizwa.

Mwezi uliopita, wakala wa mgombea mmoja wa kiti cha wadi aliwakusanya wanawake kumi na wawili, akawagawia leso, kisha akatoa msahafu. Wakaapa mmoja mmoja kwamba katika uchaguzi mdogo hawatampigia kura mpinzani wake Everline, dobi wa hoteli aliyetoka bara, kwa kuwa ni Mkristo.

“Niliapa kwa kuona haya tu,” asema Mwanapili. “Leso nishaishika, wenzangu wanitazama. Ningesema nini?”

Usingizi ukamruka. Bintiye Ummi alipozidiwa na uchungu wa uzazi, Everline ndiye aliyempeleka hospitali Msambweni na kukaa naye siku mbili. Shukrani ya punda ni mateke, na Mwanapili hakutaka kuwa punda.

Akairudisha leso, akafunga siku tatu kuwa kafara ya kuivunja yamini ile kabla ya siku ya kura. Kumbe amekosea, na kosa hilo ni la wengi. Ustadhi Abdulwahab alimweleza kwa upole kwamba saumu ni ya asiyeweza kulisha maskini kumi. Yeye ana kazi ya mikono, basi alishe.

“Nilicheka, kisha nikalia. Siku tatu za jua lile.”

Majirani wawili hawamsalimu tena, na hilo linamuuma kuliko mgongo. Lakini juzi mmoja wa walioapa naye alipita kuuliza, kwa sauti ya chini, pilau ya watu kumi hula mchele kilo ngapi.

Everline aliposikia, alikuja na mfuko wa mchele. Mwanapili alimkaribisha, akampa chai, na mchele akamrudishia.

“Mwanangu, nikiupokea huu nitakuwa nimeuza kura mara ya pili,” alimwambia.

Everline akasema, “Nimeelewa, Mama Ummi.” Akaubeba mfuko wake.

Kura ni baada ya wiki mbili. Mwanapili hajamwahidi mtu.

“Nataka niingie pale peke yangu na Mola wangu,” asema. “Nikimpa Everline kura, nimpe kwa kupenda.”