Pembea ya Stambuli Ndani ya Msitu wa Plaiwudi

Saa nane mchana, Ramadhani ikiwa ukingoni, Stambuli Bwanaheri amelala chali chini ya pembea yake mwenyewe. Anaitazama kama mzazi aliyerudishiwa mtoto amenyolewa kichwa bila ruhusa. Juu ya uso wake linaning'inia sanduku la kukalia watoto, nalo limeinama mbele.

"Hili ni sanduku au mtu anarukuu?" anauliza. "Nawauliza nyinyi! Mtoto akikaa hapa si ataporomoka kama dafu?"

Kilichoinamisha sanduku ni kichwa cha chui. Ni kichwa kizuri, haki yake apewe mchoraji: plaiwudi nene, meno meupe, macho ya manjano. Kimepigiliwa misumari mbele ya sanduku, na masanduku yote manne kila moja lina chui wake. Aliyewapigilia, Kamande, mchoraji wa mabango aliyetoka bara, yuko nyuma ya mti wa plaiwudi akimalizia mkate wake kwa kujificha, maana wenzake wote wamefunga.

"Mzee, hiyo ni njaa inaongea," anasema Kamande akipangusa makombo. "Hao chui ni wa maana sana. Mtu akipita barabarani anawaona."

"Na aliyekaa ndani anaona nini? Anaona magoti yake!"

Huu ndio uwanja wa Idd wa hapa Malindi, mwaka huu wa 1986. Zamani ulikuwa mchanga mtupu. Sikukuu ikifika, wauza kachiri za viazi na badia za kunde walifunga maturubai yao, na pembea ya Stambuli ikasimama katikati. Sasa uwanja umekodiwa na mfanyabiashara Abdalla Mselem, aliyerudi kutoka ng'ambo na picha za viwanja vya michezo ambako mtoto akipita mlango huu yuko mwituni, akipita ule yuko baharini. Akazungusha ua, akaugawa uwanja nchi tatu: Nchi ya Msitu, Nchi ya Bahari na Nchi ya Jangwa. Pembea ikaangukia msituni.

"Watu wa leo hawatoki majumbani mwao kuja kutazama mbao zikizunguka," anasema Abdalla, mtu mpole, kofia yake imenyooka daima. "Wanataka waingie mahali. Nikimweleza hivyo Mzee Stambuli, anaona namtukana."

Stambuli anaona hasa kuwa anatukanwa. Yeye ni fundi seremala wa Mambrui. Mwaka mzima anachonga vitanda na milango, lakini kinachomfanya ajulikane ni pembea aliyoachiwa na baba yake: nguzo mbili nene, mhimili katikati, mikono minne mirefu, na kila mkono umebeba sanduku. Haizungushwi na mashine. Inazungushwa na Masha, mkulima wa Tezo mwenye mabega kama mlango, ambaye kila Idd huacha muhogo wake akaja kuning'inia kwenye mikono ile mpaka izunguke.

Mzunguko ni shilingi moja. Si utajiri. Ila katika siku chache za sikukuu Stambuli hupata kinachomtosha kununulia mbao za miezi inayofuata.

Sasa mbao hizo ziko mashakani. Abdalla amekwisha sema waziwazi: pembea isipoingia ndani ya Nchi ya Msitu kabla ya Idd, iko pembea ya mashine, ya kuzungushwa kwa injini, huko Mombasa inayongoja lori tu. Mashine hiyo ikija, Stambuli hana tena nafasi uwanjani, Idd hii wala nyingine.

Na pembea ilikataa kuingia. Msitu ulijengwa kwanza, ukaezekwa makuti yaliyopakwa kijani na kupambwa nyani wa plaiwudi. Mpaka paa lilipokamilika hakuna aliyeuliza pembea ina kimo gani. Ilipoletwa, mikono ikagonga paa. Stambuli akaambiwa aikate.

"Nikate mikono ya babangu!" anasema, na hapo sauti inampanda. Hakuikata. Ameiegesha nyumbani Mambrui, akachonga mingine mifupi, huku akinung'unika kila randa inapopita.

Kwa nini urefu umkere kiasi hicho? Anaeleza kama mtu aliyechoka kueleza.

"Mkono mrefu unampandisha mtoto polepole. Kule juu unamsimamisha kidogo, kisha unamwachia. Anashuka yeye, tumbo linabaki nyuma. Watu wanalipia tumbo hilo, bwana! Mkono mfupi unamzungusha tu. Afadhali akae kwenye kiti nyumbani."

Kwao Stambuli kuna desturi ambayo hata Abdalla hathubutu kuivunja. Pembea ikisha kusimamishwa, anayepanda kwanza ni mke wa fundi. Akishuka akasema imefaa, watoto wataruhusiwa. Akisema haikufaa, inafunguliwa yote. Mama yake Stambuli alipanda, na sasa hupanda mkewe, Kaltuma, na buibui lake.

Basi siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, Kaltuma anafika kutoka Mambrui. Chui wameng'olewa kwenye masanduku na Kamande amewachora upya juu ya mbao zenyewe, roho ikimuuma. Masanduku sasa yananyooka. Kaltuma anapita mlango wa msitu, anasimama, anatazama juu. Anaketi. Masha anavuta. Pembea inazunguka gizani, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Simamisha," anasema Kaltuma.

"Vipi, mama?" Abdalla anauliza.

"Nimekorogwa kama uji."

Stambuli anapiga makofi. "Mmesikia? Mmesikia! Ng'oeni msitu wote, nirudishieni uwanja wangu!"

"Nawe usizidi," mkewe anamkata. "Nilipoingia mlango ule moyo ulinidunda. Giza lile lina raha yake. Miaka yote pembea yako inasimama uchi kama mnazi uliopigwa radi, na kwa kuwa ni mume wangu sikusema. Leo nasema."

Masha anacheka mpaka anashika nguzo. Stambuli anamwambia anyamaze, yeye si wa nyumba hiyo.

"Basi wataka nini, mke wangu? Msitu hutaki, uchi hutaki."

"Nataka nipite kwenye miti, nitokee juu nione bahari. Mikono ya baba mkwe unayo. Toboeni paa."

"Mama!" Kamande analia. "Hapo juu ndipo nimeweka nyani!"

"Nyani watahama."

Abdalla anazunguka uwanjani mikono nyuma. Hizi ni siku za masika. Paa likitobolewa mvua itaingia, na rangi aliyopaka Kamande ni chokaa iliyochanganywa kijani, kwa sababu ile ya mafuta ilimalizikia Nchi ya Bahari. Mwishowe anakubali paa litobolewe na mikono mirefu irudi, lakini kwa sharti: siku ya kwanza ya Idd, foleni isipofika mlangoni kufikia alasiri, lori litakwenda Mombasa.

Siku ya Idd, mvua inanyesha baada tu ya sala, kidogo, ila ya kutosha. Msitu unachuruzika. Mtoto wa kwanza anashuka na kanzu yake mpya ina mistari ya kijani mabegani, na mama yake yuko tayari kwa ugomvi.

"Stambuli! Kanzu hii nimeimaliza kushona jana!"

"Mwambie Kamande! Miti si yangu!"

"Na aliyempeleka juu ya miti ni nani, mie?"

Stambuli anageuka amjibu, anakuta mtoto hayupo. Amekwisha rudi kwenye foleni, kijani na yote. Wengine wanapanda kimya gizani, kisha wanapotokeza juu ya makuti kwenye mwanga wanapiga ukelele unaosikika sokoni. Sanduku linasita kule juu, linaachia, na wanateremka wameshika matumbo.

Kufikia adhuhuri foleni imepita mlango wa msitu, imeziba na mlango wa Nchi ya Bahari, na watu wa huko wanalalamika. Lori halikutajwa tena.

Stambuli hakutulia hata hivyo. Mhimili unalia kwa maji yaliyoingia, Masha mikono imemchubuka, na Kamande anamnunia kwa ajili ya nyani. Anachotaka kabla ya Idd ya Kuchinja ni mhimili wa chuma. Amesikia kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni kuna vyuma vikuukuu vya pampu, na wiki ijayo atakwenda kuvitazama.

"Mandhari sikatai tena," anasema, akilitamka neno hilo la Abdalla kwa shida. "Yamvute mtoto mpaka mlangoni. Lakini akiulizwa nyumbani Idd ilikuwaje, aseme nimepanda pembea. Asiseme nimeona plaiwudi."

Hamalizi. Ng'ambo ya ua Abdalla anamwita: anataka pembea ya pili kwa Nchi ya Bahari, masanduku yawe papa, yawe na mapezi. Stambuli anafumba macho, anavuta pumzi ndefu. Kisha anaokota kamba yake ya kupimia na kwenda, kwa mwendo wa mtu wa nusu ya umri wake, apate kufika kabla Kamande hajachovya brashi.